Takwimu za miti ya matunda na mizabibu zinapokataa kulingana: dalili, chanzo na tiba

Anayekusanya takwimu za mahindi ana bahati moja: kila msimu shamba linaanza upya, na kosa la mwaka huu halivuki kwenda mwaka ujao. Kwenye miti ya matunda na mizabibu kosa lina maisha marefu. Mwembe ulioandikwa mara mbili leo utaendelea kuhesabiwa mara mbili kwa miongo kadhaa, na shamba la mizabibu lililosahaulika kwenye orodha halitajitokeza lenyewe hadi sensa nyingine ifike. Ndiyo maana kazi hii inataka ukaguzi wake wenyewe, tofauti na ule wa mazao ya msimu.

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili kwa sababu hivyo ndivyo mambo yanavyofika mezani. Hakuna mchambuzi anayeliona moja kwa moja kosa la umri wa miti. Anachoona ni tija, yaani mavuno kwa hekta, ya ajabu kwenye jedwali. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: namba ya mavuno ikionekana mbaya, usiiguse kabla hujakagua eneo na miti. Mara nyingi mkulima amejibu sawa kuhusu mavuno, na kilichoharibika ni kigawanyo, yaani eneo au idadi ya miti ambayo mavuno hugawanywa kwayo.

Kwanza, dodoso linauliza juu ya kitu gani?

Sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa chini huanzia kwenye dodoso linalouliza "Una hekta ngapi za matunda?" kisha likaishia hapo. Swali hilo linachanganya miti ya umri tofauti, aina tofauti na nafasi tofauti, na baada ya hapo hakuna ujanja wa ofisini utakaoitenganisha.

Kitu cha kuuliziwa kiwe kipande: sehemu ya shamba yenye zao moja, aina moja, mwaka mmoja wa kupandwa na nafasi moja kati ya miti. Mkulima mwenye hekta 3 za michungwa ya zamani, hekta 1 aliyoipanda upya na nusu hekta ya milimau ana vipande vitatu, hata kama vyote viko ndani ya uzio mmoja. Kila kipande kiwe na mstari wake: eneo, nafasi kati ya mistari na kati ya miti, idadi ya miti iliyo hai, mwaka wa kupandwa, kama kimeanza kuzaa, na matunda yanakwenda wapi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu takwimu za mazao ya kudumu ilifuata mkondo huohuo. Nchi wanachama zilitakiwa kutoa takwimu kila baada ya miaka mitano, kuanzia 2012 kwa miti ya matunda na 2015 kwa mizabibu, na eneo la miti ya matunda ligawanywe kwa umri na kwa msongamano wa miti. Kutaja jumla ya hekta za mitufaha hakukutosha.

Kama madodoso yameshaingizwa kwenye vishikwambi bila mgawanyo huu na kazi inaanza kesho, ongeza angalau swali moja: katika eneo ulilotaja, ni kiasi gani hakijaanza kuzaa? Swali hilo moja litakuokoa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Tija ni ndogo mno, au inapanda na kushuka bila sababu ya hali ya hewa

Tuseme jedwali linaonyesha tani 9 kwa hekta mahali ambapo maofisa ugani wanategemea 15. Mtuhumiwa wa kwanza ni miti michanga. Mkulima ana hekta 10. 6 zinazaa, 4 alizipanda miaka miwili iliyopita. Amevuna tani 90. Ukigawa kwa 10 unapata 9, ukigawa kwa 6 unapata 15. Hesabu zote mbili hazina kosa, lakini ya pili peke yake ndiyo inayosema mti unazaa kiasi gani. Utalitambua tatizo hili kwa kuangalia tija ndogo imekaa wapi kwenye ramani. Ikiwa imejikusanya kwenye maeneo yaliyopanda sana miaka ya karibuni, hakuna ugonjwa wala ukame wa kutafuta.

Tiba ni safu mbili za eneo: eneo lote lililopandwa na eneo linalozaa. Usikadirie la pili kwa umri peke yake. Mzabibu kwa kawaida hutoa mavuno yake ya kwanza ya maana mwaka wa tatu, lakini mwembe uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo juu ya shina la mti mwingine, huanza mapema kuliko uliooteshwa kwa kokwa, na mti ulioungua kwa baridi kali unaweza kurudi nyuma miaka kadhaa. Muulize mkulima mwenyewe kama kipande kile kimeshatoa mavuno yenye kuvunwa kwa kusudi, siyo matunda machache ya kuonja.

Kosa hili lipo hata kwenye namba za dunia nzima. Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo, OIV, linapotaja eneo la mizabibu duniani, ambalo miaka ya karibuni limekuwa likizidi kidogo hekta milioni 7, linajumlisha pia mizabibu ambayo haijaanza kuzaa. Anayechukua mavuno ya dunia akayagawa kwa eneo hilo anapata tija iliyo chini ya ile halisi, kisha anashangaa.

Mtuhumiwa wa pili ni tabia ya miti yenyewe. Miembe, mizeituni, miparachichi, mipistachio na baadhi ya aina za mitufaha huzaa kwa kupokezana: mwaka mmoja mzigo mzito, mwaka unaofuata karibu hakuna kitu. Mti uliobeba sana huwa umekula akiba yake ya wanga, na matunda yanapokua yenyewe huzuia kutengenezwa kwa macho ya maua ya mwaka ujao. Kama baridi au ukame uliangusha maua ya eneo zima mwaka fulani, miti yote huanza kuhesabu miaka pamoja, na hapo kupokezana huko kunaonekana hadi kwenye takwimu za taifa. Ishara yake ni mpangilio: juu, chini, juu, chini, katika vipande vilevile.

Hapa nataka kusisitiza jambo. Programu nyingi za ukaguzi huwekewa sharti la kukataa badiliko lolote linalozidi asilimia fulani kutoka mwaka jana. Kwa mazao haya sharti hilo linakataa ukweli, na mdadisi, yaani anayewahoji wakulima, akitaka kufunga dodoso lake hujifunza haraka kuandika namba itakayopita badala ya namba aliyoambiwa. Linganisha na mwaka juzi, au na wastani wa miaka minne. Na usilainishe namba kabla ya kuichapisha: mwenye ghala la baridi, mwenye kiwanda cha kukamua na mkulima mwenyewe wote wanahitaji kuuona mwaka mbaya ukiwa mbaya.

Chanzo cha tatu ni kidogo lakini hujirudia: neno "mwaka". Machungwa katika nchi nyingi huvunwa kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Zabibu za kusini mwa ikweta huvunwa zaidi kati ya Januari na Aprili, za kaskazini kati ya Agosti na Oktoba. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huandika mavuno katika mwaka wa kalenda ambamo sehemu kubwa yake ilivunwa. Dodoso litaje miezi kwa majina, "mavuno yaliyoanza mwezi fulani hadi mwezi fulani", na lisimwachie mkulima aamue mwaka ni upi.

Idadi ya miti haikai kwenye eneo

Huu ndio ukaguzi ninaoupenda kuliko wote, maana hauhitaji chochote zaidi ya kalamu. Gawa 10,000 kwa nafasi kati ya mistari mara nafasi kati ya miti, zote kwa mita, unapata miti kwa hekta. Nafasi ya 10 kwa 10 ni miti 100. Ya 5 kwa 4 ni 500. Mitufaha ya kisasa iliyobanwa kwa 3.5 kwa 1 inafika 2,857, na mizabibu ya 2.5 kwa 1.2 ni 3,333. Upandaji wa pembetatu sawa huongeza takriban asilimia 15 juu ya ule wa mraba wa nafasi hiyohiyo.

Sasa linganisha na alichoandika mdadisi, na uisome tofauti kwa ukubwa wake. Ikikaribia mara 2.5, karibu hakika kuna ekari zilizoandikwa kwenye safu ya hekta au kinyume chake, kwa kuwa hekta 1 ni ekari 2.47. Ikiwa mara 10 kamili, ni sifuri iliyoongezwa au kudondoka. Ikiwa miti iliyohesabiwa ni kati ya asilimia 80 na 95 ya inayotarajiwa, tulia: hayo ni mapengo ya miti iliyokufa, na shamba la zamani linapaswa kuwa nayo.

Kinachonipa wasiwasi ni ulingano usio na doa. Kipande cha miaka 25 ambacho miti yake yote ipo, bila pengo hata moja, kinastahili kutembelewa. Inawezekana mdadisi aliuliza nafasi, akapiga hesabu ileile uliyopiga wewe, akaandika jibu bila kuingia shambani. Ukikuta mdadisi mmoja ambaye vipande vyake vyote vinalingana hivyo, anza naye. Mwelekeze kuhesabu miti hai kwenye mistari mitatu aliyopangiwa kwa bahati nasibu, siyo ile iliyo karibu na njia, kisha azidishe kwa idadi ya mistari. Ni kazi ya dakika chache na inatosha.

Kuna wakati tofauti haitokani na kosa la mtu bali na miti iliyotawanyika. Mwembe mmoja uani, miwili kwenye mpaka, mitano katikati ya mihogo: hiyo siyo shamba la matunda lenye eneo, na ukilazimisha iwe nalo utapata ama hekta za uongo ama msongamano wa ajabu. Programu ya FAO ya sensa za kilimo hutenganisha mashamba yaliyopandwa kwa mpangilio, ambayo huripotiwa kwa eneo, na miti iliyotawanyika, ambayo huripotiwa kwa idadi. Fuata hivyo. Usiigeuze miti ya uani kuwa hekta kwa kuigawa kwa msongamano wa kawaida na kuichanganya na mashamba halisi. Ichapishe kwenye jedwali lake, na tija yake iwe ya kilo kwa mti. Mahali ambapo wakulima wadogo ndio wengi, jedwali hilo la pili linaweza kubeba sehemu kubwa ya matunda yote.

Eneo la mkulima, la GPS na la setilaiti yanatofautiana

Kabla ya kuuliza nani mwongo, uliza kila mmoja alipima nini. Chukua kipande cha mizabibu chenye mistari 20, nafasi ya mita 2.5, urefu wa mita 100. Anayepima kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho anapata mita 47.5 kwa 100, yaani mita za mraba 4,750. Kanuni za Umoja wa Ulaya hupima eneo lililopandwa mizabibu kwa kufuata mzingo wa nje wa mashina na kuongeza ukingo wa nusu ya nafasi kati ya mistari. Kwa kipande hiki inakuwa 50 kwa 102.5, yaani 5,125. Ni karibu asilimia 8 zaidi, na hakuna aliyekosea. Mkulima anayejumlisha njia ya trekta, mfereji na banda anaongeza nyingine. Kanuni ya kupima iandikwe kwenye mwongozo wa wadadisi pamoja na mchoro, kwa sababu maelezo ya maneno matupu kila mtu huyaelewa kivyake.

Mteremko nao una hesabu yake. Kamba hupima uso wa ardhi, ramani hupima kivuli chake kilicholala. Kwenye mteremko wa asilimia 30 tofauti ni kama asilimia 4; kwenye asilimia 50 kamba inatoa karibu asilimia 12 zaidi. Mizabibu hupenda vilima, kwa hiyo usilipuuze. Takwimu za eneo zitumie umbo lililolala, lakini nafasi kati ya miti hupimwa kwa kamba juu ya ardhi, na hapo ukaguzi wa msongamano utaonyesha miti mingi kidogo kuliko matarajio. Usiisahihishe.

GPS ya mkononi ni nzuri kwa vipande vikubwa na hatari kwa vidogo. Kama mstari wa mpaka umesogea nje mita 1 tu kila upande, hekta 1 ya mraba inaongezeka asilimia 4, lakini kipande cha hekta 0.1 kinaongezeka karibu asilimia 13. Chini ya majani mazito ya miembe iliyokomaa mawimbi huyumba zaidi. Kwa vipande vidogo kamba na dira bado vina heshima yao.

Na picha za setilaiti? Zile za Sentinel-2, ambazo hupatikana bure, zina pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya mita 10 kwa 10. Mizabibu ya nafasi ya mita 2.5 huweka mistari minne na nyasi zote za katikati ndani ya pikseli moja, na miche ya mwaka wa kwanza haionekani kabisa. Neti za kuzuia mvua ya mawe hufunika kila kitu. Shamba lililotelekezwa, kwa upande mwingine, linaweza kuonekana kijani kuliko la jirani linalotunzwa, kwa kuwa magugu yamelijaa. Setilaiti itumike kukuambia mahali pa kwenda kuangalia. Hukumu ya kwamba shamba bado linazalisha itolewe na mtu aliyesimama ndani yake na kuona kama matawi yamepogolewa.

Umri wa miti umejikusanya kwenye 10, 15 na 20

Chora umri wa vipande vyote. Ukiona milima kwenye namba zinazoishia na 0 au 5, wadadisi wameuliza "Miti hii ina miaka mingapi?" na wakulima wamejibu kwa kukisia. Uliza mwaka wa kupandwa badala ya umri. Mkulima akisita, msaidie kwa matukio anayoyakumbuka yeye: mtoto gani alikuwa amezaliwa, alikuwa ameshachimba kisima au bado, kipande kipi kilitangulia kingine. Mpangilio wa kutangulia ni wa thamani hata pale mwaka wenyewe haupatikani. Stakabadhi za kununulia miche, zikiwepo, ni bora kuliko kumbukumbu ya yeyote.

Pia amua mapema nini cha kufanya na miti iliyobebeshwa aina mpya juu ya shina la zamani. Mizizi ina miaka 20, matunda ni ya aina iliyoletwa miaka mitatu iliyopita. Napendelea kuandika miaka yote miwili, kwa sababu mwaka wa kubebesha ndio unaoeleza lini mavuno yatarudi. Kwa mapengo yaliyojazwa miche mmojammoja, kipande kibaki na mwaka wake wa asili hadi miche mipya izidi ile ya zamani.

Umri unastahili usumbufu huu wote. Kwa kuwa na eneo kwa umri, unaweza kusema leo kwamba matunda yataongezeka miaka mitano ijayo, au kwamba sehemu kubwa ya miti imezeeka na hakuna aliyepanda. Takwimu za mavuno peke yake hukuambia hayo baada ya kutokea.

Mavuno yaliyojibiwa hayafiki yale yaliyopita sokoni

Ukishajiridhisha na eneo na miti, ndipo uje hapa. Chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni matunda kuuzwa yakiwa mtini. Mnunuzi anakuja, anaangalia miti, anatoa bei ya shamba zima, anavuna na vibarua wake na kuondoka. Mkulima hajui kilo, na ukimbana atakupa namba ya kukuridhisha. Dodoso liwe na swali la kuchuja: nani alivuna? Kama ni mnunuzi, chukua idadi ya safari za gari na aina ya gari, au umfuate mnunuzi mwenyewe, kisha uhakikishe tani hizo hazihesabiwi tena kwa mnunuzi kama mavuno yake.

Halafu kuna vipimo. Kreti, tenga, gunia, ndoo: kila kimoja kina uzito tofauti kwa kila tunda, na hata tunda moja hubadilika kadiri msimu unavyosonga. Hata mahali penye vipimo rasmi mambo si shwari: katika takwimu za Marekani sanduku la machungwa ya Florida ni ratili 90, kama kilo 40.8, wakati la California ni ratili 80, kama kilo 36.3. Anayejumlisha masanduku bila kugeuza kuwa kilo amejumlisha vitu viwili. Pima mwenyewe kreti kadhaa katika kila eneo, mwanzoni na katikati ya msimu, ukazitumie kama jedwali la kugeuzia. Mdadisi aandike kipimo alichoambiwa na idadi yake, na ugeuzaji ufanyike ofisini. Akigeuza shambani kichwani, huwezi tena kujua kosa liliingia wapi.

Kwa mizabibu, hesabu huweza kurudiwa bila mtu kujua. Mkulima anataja zabibu alizovuna, kisha mvinyo aliotengeneza, kisha zabibu kavu, na yote yanaingia kwenye jumla. Kilo 1 ya zabibu kavu imetoka kwenye takriban kilo 4 za mbichi, na kilo 100 za zabibu hutoa kati ya lita 70 na 80 za mvinyo kutegemea aina na ukamuaji. Tumia uwiano huu kukagua: mavuno yakizidi sana au kupungua sana kuliko kile mvinyo unachodai, rudi ukaulize. Zeituni za mafuta na za kula nazo zitenganishwe hivyohivyo.

Kuna wakulima wanaopunguza namba kwa hofu ya kodi. Tiba yake haiko kwenye fomu. Iko kwenye ahadi ya usiri inayotolewa kwa maneno na kutimizwa kwa vitendo: majibu ya mtu mmoja yasionekane na ofisi nyingine yoyote, na jedwali lolote ambalo shamba moja kubwa linaweza kutambulika ndani yake lifichwe au liunganishwe.

Makadirio ya kabla ya mavuno hayakutimia

Njia inayotegemeka ni kuvunja makadirio vipande vinne, kama inavyofanyika kwa michungwa ya Florida: idadi ya miti inayozaa, matunda kwa mti, sehemu itakayobaki bila kudondoka hadi mavuno, na ukubwa wa tunda. Faida yake ni kwamba makadirio yakikosea unaweza kujua ni kipi kati ya vinne kilichoteleza. Kama matunda yalidondoka kwa upepo mwezi mmoja kabla, usiwalaumu waliohesabu.

Kosa baya zaidi hukaa kwenye matunda kwa mti, kwa kuwa hakuna awezaye kuhesabu mti mzima wa michungwa kwa macho. Raymond Jessen alichapisha mwaka 1955 njia ya kuchagua tawi kwa bahati nasibu inayoondoa haja hiyo. Unaanza kwenye shina. Kwenye kila panda, yaani mahali matawi yanapogawanyika, unachagua tawi moja, ukilipa kila tawi nafasi kulingana na unene wake, hadi ufike tawi dogo linalohesabika. Tuseme panda ya kwanza ilikupa tawi lenye nafasi ya 0.4, ya pili 0.25. Zidisha: 0.1. Umehesabu machungwa 37, gawa kwa 0.1, mti unakadiriwa kuwa na 370.

Njia hii ikitoa namba za juu au za chini mfululizo, angalia mambo matatu. Je, nafasi zilikokotolewa kwa kipenyo badala ya eneo la mkato? Tawi la sentimita 6 lina eneo mara nne ya lile la sentimita 3, siyo mara mbili. Je, matunda yaliyokuwa njiani, kati ya panda moja na nyingine, yaliachwa? Hayo nayo huhesabiwa, kila moja kwa nafasi ya sehemu lilipo. Na je, mhesabuji alifuata namba za bahati nasibu, au alichagua tawi analolifikia bila ngazi? Matawi ya chini na ya nje hayabebi sawa na ya juu. Mti mmojammoja makadirio yatayumba sana, hilo ni la kawaida. Wastani wa miti mingi ndio unaotulia.

Jumla inabebwa na shamba moja

Wakulima 1,000, sampuli ya 50, kila mmoja anawakilisha 20. Kama kwa bahati aliingia mwenye hekta 200, peke yake anageuka hekta 4,000, pengine zaidi ya eneo lote halisi. Mashamba ya matunda karibu kila mahali yana umbo hilo: wadogo wengi, wakubwa wachache sana. Wakubwa wote wachukuliwe bila bahati nasibu, kila mmoja akijiwakilisha mwenyewe, na waliobaki wagawanywe kwa matabaka ya ukubwa. Ikitokea aliyeorodheshwa kama mdogo akakutwa mkubwa, jibu lake ni sahihi na uzito wake, yaani idadi ya wakulima anaowakilisha, ni sahihi, ila pamoja vinayumbisha jumla. Kupunguza uzito huo ni uamuzi wa mtakwimu, na uandikwe. Mdadisi asiombwe "kurekebisha" hekta.

Fremu, yaani orodha ya mashamba ambamo sampuli huchaguliwa, ikichakaa haitoi dalili yoyote ya kuonekana; inakosa tu mashamba mapya, kimyakimya. Yatafute mashamba hayo kupitia wanaouza miche, vyama vya ushirika, maghala ya kufungashia na skimu za umwagiliaji. Jumuiya ya Ulaya ilianzisha rejista ya mashamba ya mizabibu kwa kanuni ya mwaka 1986, na rejista ya namna hiyo ni fremu nzuri mradi wakulima wana sababu ya kuitunza. Pasipo na rejista, chagua maeneo machache ya ardhi kwa bahati nasibu, yatembee yote, kisha uone ni mashamba mangapi uliyoyakuta hayamo kwenye orodha.

Sifuri na nafasi tupu

Sifuri maana yake mkulima hakuvuna. Nafasi tupu maana yake hakuulizwa au hakujibu. Programu ikizichanganya, wastani unashuka na hakuna atakayejua kwa nini. Lazimisha sababu kwa kila sifuri ya kipande kinachozaa: baridi, ugonjwa, mwaka wa kupumzika, bei iliyofanya asivune. Hiyo ya mwisho ina uzito wake, kwa kuwa matunda yalikuwepo na yakaozea mtini.

Kila namba iliyosahihishwa ibaki pamoja na ile ya awali, jina la cheo cha aliyebadilisha na sababu. Mzunguko ujao mdadisi apelekewe majibu ya zamani ya kila kipande, mipaka, aina, mwaka wa kupandwa, ili aulize kilichong'olewa na kilichoongezwa. Idadi ya miti tu ndiyo ifichwe kwenye kishikwambi hadi atakapokuwa ameingiza hesabu yake mwenyewe.